Lita zilizotoka kwenye ndege si dawa iliyotua kwenye jani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo taarifa za kupulizia misitu kwa ndege hulipita kana kwamba halipo. Kila mara habari za aina hii zinapoandikwa, msomaji huelezwa ndege ngapi ziliruka, hektari ngapi zilipuliziwa na lita ngapi za dawa ya kibiolojia zilimwagwa juu ya miti ili kuwaangamiza viwavi wanaokula majani. Hesabu hizo zina kazi yake, lakini zote ni hesabu za dawa iliyotoka kwenye tangi, na hakuna hata moja inayosema ni kiasi gani kilifika kwenye jani ambalo kiwavi analitafuna. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuhesabu matone ya dawa kwenye majani na kwenye vikaratasi, jicho likiwa kwenye hadubini tangu asubuhi hadi jioni, na ninaandika kwa sababu naamini kwa dhati kwamba kipimo hicho kinachoachwa nyuma ndicho kilichostahili kutangulia.

Dawa inayotumika zaidi katika kazi hii hutokana na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Mjapani Ishiwata Shigetane alimtambua mwaka 1901 alipokuwa akichunguza ugonjwa ulioua viwavi wa hariri, na Mjerumani Ernst Berliner alimpa jina hilo mwaka 1915 baada ya kumpata katika viwavi wa nondo wa unga huko Thuringia. Bakteria huyu anapotengeneza spora hutengeneza pia fuwele ya protini, na fuwele hiyo haimdhuru kiwavi kwa kumgusa ngozi. Ni lazima kiwavi aile pamoja na jani, ifike kwenye utumbo wake wa kati ambao maji yake ni ya alikali, iyeyuke humo na ikatwe na vimeng'enya, ndipo inapogeuka kuwa sumu inayotoboa kuta za utumbo. Virusi wanaotumika dhidi ya viwavi wa misituni, kama wale wa dawa ya Gypchek iliyosajiliwa Marekani mwaka 1978, nao hufuata njia hiyo hiyo ya mdomoni.

Hapo ndipo dawa hizi zinapotengana kabisa na sumu za zamani. DDT, ambayo ilianza kupuliziwa misitu ya New Brunswick nchini Kanada mwaka 1952, ingeweza kumuua kiwavi aliyetembea tu juu ya tawi lililoguswa na dawa, na kwa hiyo mpuliziaji aliyekosea kidogo bado alisamehewa na ukali wa sumu yenyewe. Dawa ya kibiolojia haina msamaha huo. Tone likitua kwenye gome, kwenye ardhi, au kwenye jani kuukuu ambalo kiwavi halili, limepotea, hata kama ndege ilipita mahali sahihi na kwa saa sahihi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, nami nililijua baada ya kuajiriwa. Kiwavi aliyekula kiasi kidogo cha sumu hii huacha kula mara moja, kwa kuwa utumbo wake hupooza. Ikiwa kiasi alichokula kinatosha, atakufa baada ya siku chache, lakini ikiwa hakitoshi, atakaa bila kula kwa muda, utumbo utapona, kisha atarudi kwenye jani na kuendelea, wakati huo dawa iliyobaki juani ikiwa imekwisha kudhoofika. Maana yake ni kwamba kiwavi hawezi kukusanya dozi yake polepole kutoka kwenye matone mengi dhaifu, kwani tone la kwanza humfunga mdomo. Ndiyo sababu katika misitu dawa hii hupuliziwa ikiwa nzito, mara nyingi bila kuchanganywa na maji, na ndiyo sababu haitoshi kujua jumla ya dawa iliyotua. Tunahitaji kujua imetua katika matone mangapi, na kila tone limebeba kiasi gani.

Naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu hii hoja yangu itaonekana kama ya mtu anayetafuta makosa. Dozi iliyozoeleka huko Kanada dhidi ya Choristoneura fumiferana, kiwavi anayekula machipukizi ya miti jamii ya misonobari, ni vizio vya kimataifa (kipimo cha nguvu ya dawa ya kuua viwavi) bilioni 30 kwa hektari, vikiwa ndani ya lita 1.5 hadi 2.4 hivi za dawa. Tuchukue lita 1.5. Hektari moja ina mita za mraba 10,000, kwa hiyo kila mita ya mraba ya ardhi inapata mililita 0.15, yaani kama matone matatu ya kichupa cha dawa ya macho. Matone hayo matatu ndiyo yanayotakiwa kuenea kwenye majani yote yaliyo juu ya mita hiyo ya mraba, tangu kilele cha mti hadi matawi ya chini, na eneo la majani yote ya msitu uliositawi ni kubwa mara kadhaa kuliko eneo la ardhi iliyo chini yake.

Kazi hiyo inawezekana tu ikiwa dawa itapasuliwa kuwa matone madogo sana, na ndiyo kazi ya vipulizio vinavyozunguka kwa kasi chini ya mabawa ya ndege, kama vile vya Micronair. Ukubwa wa matone hupimwa kwa mikroni, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kiasi kile kile cha mililita 0.15 kikipasuliwa kuwa matone ya mikroni 100 kinatoa takriban matone 29 kwa kila sentimita ya mraba ya ardhi, na kikipasuliwa kuwa matone ya mikroni 50 kinatoa takriban 229, kwa kuwa kipenyo kikipungua nusu ujazo hupungua mara nane. Tone moja la mikroni 200 limekula dawa ya matone 64 ya mikroni 50. Tone hilo kubwa likidondoka moja kwa moja hadi ardhini, majani mengi yamenyimwa haki yao kwa ajili ya doa moja kwenye takataka za msituni.

Hata hivyo, tone dogo nalo lina hatari zake. Tone la mikroni 100 hushuka kwa kasi ya robo mita kwa sekunde hivi, ilhali la mikroni 50 hushuka sentimita saba au nane tu kwa sekunde. Kutoka kimo cha mita 20, la kwanza huchukua zaidi ya dakika moja kidogo na la pili huchukua zaidi ya dakika nne, na wakati huo wote upepo unalisukuma. Kwa upepo mwepesi wa mita 2 kwa sekunde, tukiacha misukosuko ya hewa, tone la mikroni 50 linaweza kusafiri zaidi ya nusu kilomita kabla ya kushuka kimo hicho. Tone la dawa yenye maji hupungua zaidi njiani kwa sababu ya kukauka, na kadiri linavyopungua ndivyo linavyozidi kuchelewa. Rubani anaweza kuruka mstari ulionyooka kabisa kwa msaada wa setilaiti, ramani ya safari yake ikaonekana safi kama daftari lililopigwa mistari, na dawa ikatua kwingine.

Sasa nije kwenye vikaratasi. Njia ya kale na rahisi ya kupima dawa iliyotua ni kuweka kadi chini kabla ndege haijapita. Zipo kadi nyeupe zinazong'aa za Kromekote, ambazo hutumika pamoja na dawa iliyotiwa rangi, na zipo karatasi za manjano zinazogeuka buluu pale zinapoguswa na maji. Baada ya ndege kupita, kadi hukusanywa na madoa huhesabiwa. Mimi sizidharau kadi hizi, kwani zimenifundisha kazi. Lakini kadi ina tabia zake, na asiyezijua atadanganyika. Karatasi ya manjano haitofautishi maji ya dawa na maji mengine: umande, ukungu au kidole chenye jasho huigeuza buluu vilevile. Asubuhi moja nililetewa bahasha yenye karatasi kama arobaini, na kwa mtazamo wa kwanza zilikuwa za kupendeza, zimejaa buluu kutoka ukingo hadi ukingo. Nilipoitafuta ile moja ambayo ilibebwa hadi msituni na kurudishwa bila kufunuliwa chini ya ndege, ambayo huwekwa makusudi kwa ajili ya kulinganisha, nayo ilikuwa ya buluu. Bahasha yote ilikuwa imebeba unyevu wa alfajiri. Bila karatasi hiyo moja tungeandika kwamba eneo lote limepata dawa.

Halafu kuna suala la doa kutanuka. Tone likigonga kadi hutandaa, kwa hiyo kipenyo cha doa si kipenyo cha tone, na kila dawa hutandaa kwa kiwango chake kwenye kila aina ya kadi. Mpimaji anayegawa kipenyo cha doa kwa kigawanyo kisichofaa akakosea kipenyo cha tone kwa robo tu, akikiona kikubwa kuliko kilivyo, atakuwa amekuza ujazo karibu mara mbili. Kosa dogo la rula linazaa kosa kubwa la lita.

Lakini kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba kadi si jani. Matone madogo huelea na hewa, na hewa inapokutana na kitu kipana na bapa hukizunguka ikiwa imebeba matone hayo, ilhali ikikutana na kitu chembamba, matone hushindwa kugeuka kwa wakati na hukigonga. Jani jembamba la msonobari hunasa matone ambayo kadi iliyolazwa chini haiyaoni kamwe, na kadi hunasa matone makubwa ambayo hayakukaa kwenye majani. Hivi ni vitu viwili vinavyochuja wingu moja la dawa kwa nyavu mbili tofauti. Anayetoa hukumu juu ya jani kwa kutazama kadi anapima kina cha kisima kwa kutazama ndoo.

Nisimulie tukio moja, bila kutaja mahali wala taasisi, kwa sababu nia yangu si kumuumbua mtu. Tulipewa kadi zilizowekwa kando ya njia ya magari ndani ya msitu, mahali palipo wazi, kwa sababu ndipo ilipokuwa rahisi kufika kabla ya mapambazuko. Kadi hizo zilikuwa na matone mengi yaliyosambaa vizuri. Mwenzangu mmoja, kwa bidii yake mwenyewe, alikuwa amekata matawi ya katikati ya mti kwa mkasi wenye mpini mrefu katika eneo hilo hilo, nami nikayakagua. Nililaza jani la sindano, lenye urefu wa sentimita mbili hivi, chini ya hadubini, nikaligeuza upande mmoja, nikaligeuza wa pili. Hakuna kitu. La pili hakuna. La tatu lilikuwa na doa moja jekundu la rangi ya kufuatilia, dogo kama ncha ya pini, karibu na kikonyo. Niliendelea hivyo siku nzima, na majani mengi hayakuwa na chochote. Ripoti ilipotoka ilikuwa na picha za kadi na sentensi inayosema kwamba dawa imesambaa vizuri, lakini hesabu ya majani haikuwekwa, na tulielezwa kwamba ingewachanganya wasomaji. Wiki chache baadaye machipukizi mapya ya eneo hilo yalikuwa yameliwa yakabaki mekundu, na lawama ikaangukia dawa. Nilisikitika sana. Dawa ile haikupata nafasi ya kushindwa, kwa sababu haikufika.

Wapo watakaoniambia kwamba yote haya ni ya nini, maana kipimo cha kweli ni viwavi waliokufa. Hoja hiyo naiheshimu, na hakuna anayepulizia msitu ili apate kadi nzuri. Lakini viwavi hufa kwa mambo mengi: baridi ya kuchelewa, mvua kubwa, nyigu wanaotaga mayai ndani yao, maradhi ya asili, njaa wanapokuwa wengi mno. Idadi yao ikishuka baada ya ndege kupita, bila eneo la kulinganishia ambalo halikupuliziwa hatuwezi kujua nani aliyewaua. Na idadi isiposhuka, bila kipimo cha dawa iliyotua hatuwezi kujua kosa liko wapi, kama ni dawa iliyokaa ghalani ikadhoofika, au ndege iliyokuja kabla machipukizi hayajafunguka wakati viwavi wamejificha ndani, au mvua iliyosafisha majani usiku ule, au ni tone ambalo halikutua kabisa. Kila moja ya sababu hizo ina tiba yake, na kuzichanganya ni kutwanga maji kwenye kinu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwangu mimi hesabu ya matone kwenye jani ndiyo daftari la kazi hii.

Njia za kupima jani lenyewe zipo, na si ngeni. Matawi hukatwa sehemu mbalimbali za mti, kwa sababu kilele hunasa dawa nyingi na matawi ya chini hupata makombo, kisha matone huhesabiwa kwa hadubini, au dawa hutiwa rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno ili matone yaonekane bila kubahatisha. Anayetaka kiasi badala ya idadi anaweza kuosha majani na kupima rangi iliyotoka. Rangi, hata hivyo, ni mjumbe tu: jua huifisha kwa mwendo wake na huidhoofisha sumu kwa mwendo mwingine, kwa hiyo majani ya kupimwa kwa rangi hayana budi kukatwa mapema, saa chache baada ya ndege kupita. Vipo pia vipimo vya kingamwili vinavyotambua protini ya bakteria yenyewe kwenye jani. Na kipo kipimo ninachokipenda kuliko vyote, ingawa kinachosha: kuchukua matawi yaliyopuliziwa, kuyapeleka maabara, kuwalisha viwavi wa umri unaojulikana, na kuwalisha wenzao matawi yasiyopuliziwa, kisha kuhesabu vifo kila siku. Kiwavi hadanganyiki na rangi wala karatasi. Ukirudia zoezi hilo kwa majani yaliyokatwa siku ya kwanza, ya tatu na ya sita, unaona kwa macho jinsi jua na mvua vinavyokula nguvu ya dawa, na unajua kiwavi aliyekuwa amejificha kwenye chipukizi ana siku ngapi za kutoka na kukutana nayo.

Najua upinzani utakaokuja ni wa gharama. Kukata matawi ya juu ni kazi ya jasho, na kuhesabu matone kwenye maelfu ya majani kunahitaji watu wenye subira. Lakini hakuna anayetaka kila mti upimwe. Sampuli zilizochaguliwa kwa utaratibu, ndani ya msitu wenyewe na si kando ya njia tu, zikiwa pamoja na sampuli kutoka eneo ambalo halikupuliziwa, zinatosha kutoa jibu la kuaminika. Gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na kurusha ndege mara ya pili juu ya msitu ule ule kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyejua kilichotokea.

Na wako wengine wenye haki ya kujua. Dawa ya Bacillus thuringiensis ya aina ya kurstaki haichagui nondo mharibifu peke yake, bali huweza kuua viwavi wengi wa jamii ya vipepeo na nondo waliopo wakila majani siku hizo, wakiwamo wasio na hatia yoyote. Kwa hiyo kipimo hakiishii mpakani mwa eneo lililopangwa. Ni lazima kivuke mpaka, kifuate upepo, na kiseme dawa ilififia umbali gani. Watu wanaoishi chini ya njia ya ndege nao, kama ilivyokuwa Auckland huko New Zealand mwaka 1996 na 1997 mji ulipopuliziwa kwa ajili ya nondo mgeni, wanastahili kuambiwa kilichotua kwenye paa na bustani zao kwa kipimo kilichochukuliwa hapo hapo, wala si kwa kugawa lita kwa hektari. Mgawanyo huo ni makadirio ya mezani, nao unadhani wingu la dawa hutua sawasawa kama mchele uliotandazwa juu ya ungo. Mimi sijawahi kuona wingu la namna hiyo.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba waandishi wako watakapoletewa tena taarifa ya ndege, hektari na lita, waulize matawi yalikatwa wapi, kimo gani cha mti, na saa ngapi baada ya ndege kupita. Waulize ni matone mangapi yalionekana kwa kila jani na ni majani mangapi hayakuwa na tone hata moja, kwa maana wastani peke yake unaweza kuficha nusu ya msitu uliokosa. Waulize pia kama kulikuwa na majani ya kulinganishia, na waombe kuonyeshwa hesabu hizo zilivyo, zikiwa nzuri au mbaya. Wakijibiwa kwamba matawi hayakukatwa, naomba hilo nalo liandikwe katika habari hiyo hiyo, karibu na idadi ya lita.

Msomaji wako,
Mhesabu matone